Habari ya Maji Kizingiti

Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka nasikia harufu ya tilapia waliochomwa kwa kuni za mgunga. Mwanangu, sogeza hicho kiti ukae karibu, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Nyinyi mmelikuta ziwa la Naivasha likiingia hadi vyooni mwa watu na kuacha paa tu zikionekana, mkadhani ndivyo lilivyokuwa tangu mwanzo. Halikuwa hivyo. Mbele ya ghuba yetu palikuwa na kisiwa.

Tulikiita Kizingiti kwa sababu kililala mlangoni mwa ghuba. Kilikuwa kirefu na chembamba, cha udongo wa kijivu, kimezungukwa na mafunjo, na katikati yake ilisimama migunga michache ya njano. Ukisimama upande mmoja ukarusha jiwe kwa nguvu, liliangukia maji ya upande wa pili. Lakini usikidharau kwa wembamba wake. Kila alasiri upepo wa ziwa lile huamka na kuleta mawimbi ambayo mgeni hayatarajii huku bara. Kizingiti kiliyapokea yote, na sisi tuliokuwa nyuma yake tukala chakula chetu kwa utulivu.

Na kilikuwa chetu, kwa sababu ambayo hukufundishwa shuleni. Ufuo wote ulikuwa na wenyewe. Enzi za wazungu ulikuwa mashamba yenye nyaya, na walipoondoka wakaja matajiri wengine na nyaya zile zile. Mvuvi akikanyaga nchi kavu aliulizwa anatafuta nini. Kizingiti peke yake hakikuwahi kuzungushiwa waya. Nadhani waliokuja kupima waliwaogopa viboko. Basi wavuvi wa kwanza, Wajaluo waliotoka magharibi, Wakikuyu wa huku huku, na watu kama baba yangu walioletwa na reli kutoka pwani, wakapata mahali pa kuanika nyavu na kunyoosha migongo. Mimi nilizaliwa Naivasha mjini, lakini ukiniuliza nilikulia wapi, nitakutajia kisiwa hicho.

Tulikuwa na desturi moja. Mashua ikikutana na mashua, salamu ya kwanza ilikuwa, "Habari ya maji?" Na aliyeulizwa alitakiwa kusema kweli yote: upepo unatoka wapi, kiboko na mtoto wake wamelala upande gani, samaki wako wapi. Hata kama umepata mahali pazuri baada ya kuhangaika asubuhi nzima, ulipasema. Ilikuwa inauma, sitakudanganya. Lakini kesho yake wewe ndiye ungeuliza.

Siku hiyo ninayoikumbuka, nilikuwa kijana, nimeanza kuaminiwa na mashua peke yangu. Nikapishana na Okoth, rika langu, kijana wa maneno mengi aliyekuwa akipiga makasia huku anaongea hata kama hakuna wa kumsikiliza. Alikuwa anatoka nje ya Kizingiti, upande wa maji makubwa. Nikamuuliza habari ya maji.

"Mbaya, Salim," akaniambia. "Rudi tu. Huko nje kumechafuka."

Nikarudi. Nikashinda ghubani nikivua visamaki vya kumpa paka. Mchana tulipokusanyika kisiwani kula, Okoth akaingia na mashua imezama hadi kwenye ukingo kwa wingi wa tilapia. Nje maji yalikuwa yametulia kabisa. Alitaka kurudi pale peke yake mara ya pili, ndiyo maana akanigeuza. Nilitamani nimtandike kasia, na wenzangu walijua hivyo, wakanishika bega.

Tulikuwa na mzee wetu pale, Mzee Njoroge, mtu mfupi aliyevaa koti la suti hata anapovuta nyavu. Hakupandisha sauti. Alimaliza kula samaki wake, akafuta vidole, akasema, "Okoth, ulimwambia nini Salim?"

"Nilimtania tu, mzee."

"Mtu akikuuliza maji, anakuuliza kama atarudi kwa mama yake. Hiyo si kitu ya kutania. Leo umemdanganya akakosa samaki. Siku utamwambia kuna hatari ya kweli, hatakuamini, ataenda." Kisha akatugeukia sisi wengine. "Kuanzia leo msimuulize."

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemnyima chakula. Tulimsalimu vizuri, tukamuuliza habari ya nyumbani, habari ya mama yake, hata habari ya kuku wake. Maji hakuulizwa. Mwanangu, sijapata kuona mtu akikonda kwa kitu kidogo namna ile. Akikaribia mashua ya mwenzake alikuwa anapunguza makasia, anangoja, halafu anapita kimya. Siku moja alinijia, macho yamemwiva. "Salim, si uniulize tu?"

"Mzee amekataa."

"Hata polepole, asisikie?"

Nilicheka, lakini roho iliniuma. Ilikwisha asubuhi moja Mzee Njoroge mwenyewe alipomuuliza mbele yetu sote. Okoth alijibu kirefu mno, akataja upepo, viboko, samaki, na ndege waliokuwa juu ya kila mti, mpaka mzee akamwambia inatosha. Tangu hapo sikusikia tena uongo wa maji kinywani mwake. Tukawa marafiki, tukavua katika mashua moja mpaka tukawa wazee, na hakuna mtu nje ya nyumba yangu niliyempenda kama yule.

Halafu ziwa likashuka. Lilishuka hadi Kizingiti kikashikana na nchi kavu, ng'ombe wakavuka kwa miguu. Watu wakaona hiyo ni ardhi ya bure. Wakayakata mafunjo, wakachoma mizizi, wakapanda kabichi hadi pale tulipokuwa tukianika nyavu. Mzee Njoroge alikuwa amekwisha kufa, na sisi tuliosema kwamba maji yatarudi tuliitwa wenye wivu. Yaliporudi, hayakukuta mizizi ya kuushika udongo. Kila alasiri upepo ulikuja kama kawaida yake na kuondoka na kipande. Kisiwa kilikatika ncha, kikakatika katikati, na maji yakaendelea kupanda juu ya mashamba na juu ya nyumba, ya Okoth ikiwemo.

Mwanawe, Ouma, alimchukua akamleta Nakuru kwenye nyumba ya kupanga, presha ikiwa imemlaza. Mimi nami nilikuwa nimeletwa na binti yangu huku Milimani, hapa hapa Nakuru, penye maua mengi kuliko watu wa kuongea nao. Ouma alikuwa na shamba Subukia, ameshajenga, ameshamtengea baba yake chumba kinachotazama bonde. Okoth hataki. Nyavu zake zilikuwa zimefungwa kwenye gunia nyuma ya mlango. Alisema hawezi kwenda kuzikwa kwenye mahindi wakati ziwa litashuka tu, na Kizingiti kiko pale pale kinamngoja. Na kila aliyemtembelea alimwitikia. Kiko, mzee. Wewe pona kwanza. Mimi pia nilinyamaza, kwa kuwa sikuwa nimeenda kuona kwa macho.

Siku moja akaniambia, "Salim, wewe bado una miguu. Nenda ukanitazamie."

Nikaenda. Ufukoni nilimpata kijana mwenye mashua ya injini, wa hawa wanaotembeza watalii. "Tunaenda wapi, mzee?" akaniuliza. Nikamwambia Kizingiti. "Hiyo ni wapi?" Basi nikamwelekeza mwenyewe kwa kuutazama mlima Longonot, mpaka nikahisi tumefika, nikamwomba azime injini.

"Hapa, mzee? Hapa hakuna kitu. Hata sisi hatupendi kupitisha watu hapa, mawimbi ni mingi."

Hapakuwa na hata tawi. Maji yalipita juu ya mahali pale kana kwamba hapajawahi kuwa na mtu aliyepika, akacheka, akagombezwa. Niliangalia chini nikaona weusi tu. Nililia, mwanangu, mzee mzima na mvi zangu, na kijana yule kwa adabu yake akageuka akajifanya anaangalia injini.

Niliporudi Nakuru, Ouma alinisubiri langoni. Alishajua kutoka usoni mwangu. "Baba, tafadhali," akasema, maana ananiita baba tangu akiwa mtoto, "usimwambie hiyo maneno. Unajua presha yake. Mwambie kiko, hata kama ni kidogo. Nitampeleka Subukia polepole, atasahau."

Nilimhurumia. Alikuwa anampenda baba yake, na alikuwa na hofu kwamba angemfia mikononi. "Akiniuliza habari ya kisiwa," nikamwambia, "labda nitazungukazunguka. Lakini akiniuliza habari ya maji, sitaweza."

Okoth alikuwa ameketi kitandani, amevaa shati safi. Hakuniuliza nimesafiri vipi. Hakuniuliza hata habari ya kisiwa. Alinitazama akasema, "Habari ya maji, Salim?"

Nikaketi kando yake nikamwambia. Nikamwambia hakuna mafunjo. Hakuna mgunga, hata ule mkubwa aliokuwa akilala chini yake. Maji ni mengi, mawimbi yanapita moja kwa moja hadi ndani ya ghuba, na vijana wa siku hizi hata jina la mahali pale hawalijui. Nikamwambia nimelia. Ouma alikuwa amesimama mlangoni ameshika simu, tayari kumwita daktari.

 Okoth akanishika mkono, mkono wake umebaki mifupa, akasema, "Nilijua. Nimejua siku nyingi."

"Ulijua na unatusumbua hivi?"

"Mtu akifiwa, watu huja kumpa pole. Mimi nimefiwa na mahali pangu, na kila mtu anakuja kuniambia mgonjwa yuko sawa. Nilie na nani? Nimekuwa nikilia mwenyewe usiku kama mwizi."

Mwanangu, alisema kweli. Sisi sote tulikuwa tumemwachia msiba wake peke yake na kuuita huruma. Ouma aliiweka simu mezani. Akaja, akapiga magoti mbele ya baba yake, kijana mkubwa yule, akasema, "Pole, baba." Okoth akalia kwa sauti, na sisi tukalia naye, na baada ya hapo akaanza kuhadithia. Alihadithia Kizingiti chote, kutoka ncha hadi ncha, hata ile siku aliyonidanganya, na Ouma akawa anauliza maswali ambayo hajawahi kuuliza maishani mwake. Jirani alisikia kelele, akaja na chai akidhani kuna aliyefariki. Hatukumwambia amekosea.

Okoth yuko Subukia sasa. Sitakuambia amepona, presha ni ile ile, na ng'ombe wa Ouma anawagombeza kutwa. Lakini alihama kwa miguu yake mwenyewe. Nyavu aliwapa vijana wa ufukoni. Nami ninakitamani kisiwa kile kila alasiri upepo unapoanza kuvuma huku mlimani; sijaacha, na sidhani nitaacha. Tofauti ni kwamba sasa ninaye wa kumpigia simu, na yeye anaye.

Basi haya ndiyo niliyotaka kukuambia, ndipo uende zako. Watu watapotelewa na vitu ambavyo havina jeneza: shamba, mtaa, kazi, mahali walipokuwa vijana. Usiwaambie kiko wakati hakiko ili wewe upate kutoka mlangoni upesi. Sema kweli, halafu kaa. Ukweli wa kusemwa na kuondoka ni ukatili tu. Ukiona mzee anang'ang'ania kitu ambacho wewe unajua kimekwisha, usidhani amepungukiwa akili, huenda amepungukiwa na mtu wa kulia naye. Na mahali unapopapenda leo, muulize aliyekutangulia palikuwaje, angali ana pumzi ya kukujibu. Usiwe kama yule kijana wa mashua, mwenye adabu zake zote, anayepita kila siku juu ya mahali asipopajua jina.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe ulimi usiomwogopesha rafiki na usiomficha kweli, akupe miguu ya kufika palipo na msiba usioonekana. Na siku utakapofiwa na chako, pasipo kaburi la kuonyesha watu, akuletee mlangoni mtu wa kukuambia pole.