Siku Taya Langu Liligoma Mbele ya Wakwe

Aibu hii nusu ya Butembo inaijua, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla jirani hajaongeza chumvi.

Wakati wa vita, baba na mama walipokwisha kufariki, niliacha shule nikawa nasukuma baiskeli ya mafuta ya mawese kutoka Beni, na kwenye kila kizuizi cha askari niliuma meno nisije nikatoa neno la kunipoteza. Kuuma meno kukawa desturi hata usingizini, mpaka taya likaanza kulia ko! ko! kila nikitafuna (wadogo zangu walijua nimemaliza kula kwa kusikiliza tu). Kambale, muuguzi wa Beni aliyempenda dada yangu Masika, akanifundisha mazoezi: ncha ya ulimi ishike juu ya kinywa, nyuma ya meno, ufungue mdomo polepole ulimi usibanduke, mara sita, kisha upumzike, hivyo mara sita kwa siku.

Ukoo wake ulipokuja kuposa, mimi ndiye nilikaa kwenye kiti cha baba. Kwetu mkubwa wa nyumba hunywa kwanza kasiksi, pombe ya ndizi waliyoleta wageni. Asipoinywa, amekataa, nao wanabeba mtungi wao. Na barabara ile yenye bunduki, nani angeipita mara ya pili kwa ajili ya posa?

Basi asubuhi nikawaza (hilo ndilo kosa): wageni watakaa kutwa, nitapata wapi nafasi, nifanye yote thelathini na sita sasa hivi. Nilipofika ishirini na kitu ulimi ukachoka, nikauachia, nikapanua kinywa kama kiboko wa mto Semuliki, taya likatoka mahali pake likagoma kurudi. Na nje nasikia: "Hodi!"

"Yaya, funga kinywa, bageni banaangalia!" Masika akaninong'oneza (kwetu Yaya ni kaka mkubwa).

"Aaa," nikajibu.

Baba mdogo wa Kambale akanipa kikombe. Nikajaribu, kasiksi yote ikamwagikia koti la marehemu baba. Nikatikisa kichwa kujieleza, wao wakaona nakataa.

Mzee huyo akasimama. "Kama hapana kutaka mutoto yetu, aseme! Mais, lakini kutuchekea hivi? Mubebe mutungi, tuende!"

Masika akaanza kulia. Hapo Kambale, ambaye siku hiyo hakuruhusiwa hata kukohoa (na kwetu mposaji hamgusi mkubwa wa nyumba, hata bega), akaruka mkeka, akazungushia kitambaa cha Masika kwenye vidole gumba, akaviingiza kinywani mwangu mpaka magego ya chini.

"Kambale! Mikono mu kinywa ya shemeji yako?" mzee akafoka.

"Baba, hapana kukataa, ni taya imetoka! Yaya, nilikuambia ngapi?"

"Iiita."

Akasukuma chini, akarudisha nyuma, kru! Taya likafunga juu ya vidole vyake. Machozi yalimtoka, lakini hakuniachia, alinishika kidevu mpaka nikatulia, akasema, "Pole, Yaya."

Nikajua dada yangu anakwenda kwa nani. Nikaomba kikombe kingine, nikanywa chote.

"Donc, basi tumepata shemeji ya kuuma!" mzee akasema, akaketi akicheka.

Tangu hapo nafanya sita tu, napumzika, na sijifanyi najua kuliko aliyenifundisha. Watoto wa Masika hunibembeleza, "Mujomba, tuonyeshe vile ilikuwa!" Hapana. Waende wamuulize baba yao.