Kichupa cha Suzana

Suzana wa Kasokola hajui kumiliki kitu peke yake. Msifie kitenge chake, utaondoka nacho. Hivyo daktari wa mjini Mpanda alipomwandikia dawa ya matone, kwa sababu macho yalikuwa yanamwasha na kutoa machozi, kile kichupa hakikukaa sana kwake.

Alikuwa uani akipepeta mchele wakati Happiness, muuguzi wa zahanati, alipofika na pikipiki.

"Mama, ile dawa ya macho iko wapi? Zinarudishwa zote. Kiwandani wanasema huenda zimeingia vijidudu. Usiweke hata tone!"

Ungo ukasimama hewani. "Nilimpa Matilda."

"Dawa uliyoandikiwa wewe?"

"Macho yalikuwa yanamsumbua, mwanangu. Ningemwachaje?"

Matilda, jirani yake, naye hakuwa nayo. Alikuwa hajaweka hata tone moja, akampa Ngusa, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani, ambaye aliingiwa na mdudu jichoni. Hapo Suzana akaingiwa na hofu. Ngusa akipofuka je? Akapanda nyuma ya pikipiki, akamshika Happiness kiunoni, njia nzima akisali Salamu Maria.

Walimkuta Ngusa zizini, macho yote mawili safi, bila hata wekundu.

"Mayu, karibu!" Ngusa alimwamkia Suzana, akimwita mama kwa Kisukuma, akatoa kichupa kitupu mfukoni. "Dawa yako kiboko! Huyu dume jicho lilikuwa limeziba. Nimemwekea yote."

"Na wewe mwenyewe?" Happiness aliuliza.

"Mimi? Mdudu alitoka mwenyewe. Nikaona dawa isiharibike bure."

Suzana alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Happiness alijikaza, akashindwa, akacheka naye. Alipotulia akakitia kichupa kwenye mfuko wa plastiki na kumwambia Ngusa amwite bwana mifugo amwangalie dume lake. Kisha akamgeukia Suzana.

"Mama, hata ingekuwa salama, dawa ya macho haiazimwi. Kesho twende mjini ukapimwe. Na Matilda naye aende, apate yake."

Kesho yake wakaenda wote watatu. Macho ya Suzana yalikuwa salama, akapewa dawa nyingine ya ule muwasho. Matilda hakuhitaji dawa kabisa. Kilichomsumbua ni kwamba vitu vya karibu havioni vizuri. Suzana akaelewa kwa nini wali wa kwa Matilda una mawe siku hizi.

Matilda akavaa miwani mipya, akamsogelea rafiki yake, akamkagua uso.

"He! Suzana! Kumbe umezeeka namna hii na hukuniambia?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, na Suzana akacheka kuliko wote. "Hebu lete na mimi nijaribu," akasema, akinyoosha mkono.

Happiness akakohoa. Suzana akaurudisha mkono wake taratibu.