Fundi Asiyerudisha Vifungo

Fundi cherehani huyu alikuwa na miaka arobaini na sita, na hesabu zilikuwa zimeshamwangusha mara mbili. Chuo cha ufundi kilimtaka akafundishe ushonaji, ila mkuu wa chuo alikuwa king'ang'anizi: bila cheti cha hesabu, hakuna kazi. Naye mgongo ulikuwa umekwisha kwa kushona sare za shule. Aliitaka kazi ile kufa na kupona.

Kilichomkwamisha ni mchoro wa mti, ule wa matawi ya kukokotoa uwezekano. Kuzidisha aliweza, na matawi aliyachora yamenyooka kuliko ya mwalimu. Shida ilikuwa maswali ya vifungo.

"Kopo lina vifungo vinane," alisoma binti yake, mwalimu wa hesabu, akiwa amekalia robota la vitambaa. "Vyeupe vitano, vyeusi vitatu. Unatoa kimoja, unakirudisha, unatoa kingine. Kuna uwezekano gani vyote viwe vyeupe?"

Fundi alichora tawi la kwanza, akaandika tano juu ya nane. Kwenye tawi la pili akaandika nne juu ya saba.

"Mama! Si umekirudisha?"

"Nimekirudisha wapi? Kiko kwenye shati."

"Shati gani tena?"

"Kwani mtu anatoa kifungo ili akishangae? Huyo hana wateja."

"Swali limesema kinarudi."

"Aliyelitunga hajawahi kushona hata foronya."

Walibishana wiki tatu. Binti alinuna, akaondoka, akarudi, akala, akanuna tena.

Siku ya mtihani, vifungo hivyo hapo: kumi, sita vya bluu, na kurudisha kwake kulekule. Fundi alisonya mpaka msimamizi akageuka. Mkono ukaandika tano juu ya tisa. Akafuta. Roho ilimuuma kwelikweli. Akaandika sita juu ya kumi, akazidisha, kisha chini ya jibu akaongeza kwa mwandiko wa adabu: "Shati bado liko wazi na mteja anasubiri."

Matokeo yalipotoka, binti aliyasoma kwenye simu akaangua kilio. Mama akajua ndiyo basi tena, akainamia cherehani.

"Umefaulu, mama!"

"Nimesikia. Niache nimalize kola hii."

Kola ilitoka imepinda, ya kwanza tangu aanze kazi. Akaiacha hivyohivyo.