Aliyegonga Geti Saa Nane

Kazi yangu ni kufuta. Watu wanadhani fundi wa studio kazi yake ni kurekodi, lakini siku hizi hata simu inarekodi. Mimi naitwa fundi kwa sababu ya vile ninavyoviondoa: pumzi iliyovutwa kwa nguvu, kiti kilicholia, jogoo, muuza samaki anayepita akinadi. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kujutia nilichokifuta, isipokuwa mara moja, na aliyekuja kukiulizia alikuwa mjane wa jirani yangu.

Studio iko Goba, kwenye chumba cha uani cha nyumba niliyopanga, upande wa mteremko ambako gari la maji likipanda watu hutoka kuangalia kama litafika. Kuta nimezivika magodoro ya zamani. Wateja wangu ni vijana wa muziki wa singeli, kwaya, na wenye maduka wanaotaka tangazo la kupiga kwenye spika mlangoni. Kwa hiyo alipokuja mpiga gitaa mmoja akasema anataka kutengeneza albamu ya roki, peke yake, nilimuuliza nani ataisikiliza.

"Mie," akasema.

Alikuwa mtu wa kusini, mtoto wa mchonga vinyago, mwenye maneno machache na kucha ndefu za mkono mmoja. Miaka kumi na moja alipiga gitaa kwenye bendi ya hoteli, nyimbo za watu wengine, mbele ya watu wanaokula. Katika miaka yote hiyo, aliniambia, hakumwona hata mmoja aliyeacha kutafuna. Sasa alikuwa ameacha kazi na anataka nyimbo tisa za kwake. Gitaa apige yeye, besi apige yeye, dramu azipange yeye kwenye kompyuta, aimbe yeye. Kwenye jalada liwepo jina lake na lisiwepo la mtu mwingine, hata langu. Nikamwambia kwangu hilo si tatizo, mimi si mtu wa kutajwa.

Roki ni kelele, na nasema hivyo kwa heshima. Gitaa lenyewe alitaka lilie kwenye spika kubwa, sauti imefunguliwa, maiki mbele yake. Magodoro yalijitahidi. Lakini kila siku, saa nane mchana, jirani yetu alikuja kugonga geti.

Alikuwa mzee wa pwani, mstaafu wa bandarini, aliyehama Temeke na kuja Goba kutafuta utulivu. Akishaswali Adhuhuri alikula, akalala mpaka karibu na Alasiri. Saa hizo ndizo sisi tulikuwa tumepamba moto. Mzee aliamka, akafungua kufuli la geti lake kwa ndani, akaja nalo mkononi, na kwa kufuli hilo hilo akagonga geti letu la bati. Tulipofungua alikuwa amesimama na kofia yake kichwani, ametulia kabisa.

"Hamjambo wanangu? Nimekuja kuwajulia hali."

"Hatujambo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Jua la leo kali."

Basi, anaondoka. Kuhusu kelele hasemi neno. Mimi nimelelewa na watu wa aina hiyo, nikajua kwamba tumegombezwa, tena vikali. Mpiga gitaa hakujua. Siku ya tatu aliniambia, "Huyu mzee ana upendo sana, fundi." Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa. Nilipomweleza alifikiri kidogo, akauliza, "Sasa si aseme?" Nikamwambia ameshasema mara tatu.

Tulikuwa tukipunguza sauti kwa nusu saa, halafu tunasahau. Kitu kimoja hatukufanya, na nakitaja hapa kwa sababu ni aibu yangu: hatukuwahi kumwambia karibu ndani. Mtu akishakaa ndani itabidi umpe maji, umsikilize, na sisi tulikuwa na albamu ya kumaliza.

Mpiga gitaa alipokuwa anaimba maiki ilikuwa wazi, kwa hiyo kufuli la mzee liliingia kwenye nyimbo. Kwenye mchoro wa sauti wa kompyuta niliona miba mitatu imesimama katikati ya sauti ya mwimbaji. Kama ilianguka kwenye ukimya niliikata. Kama ilianguka juu ya neno nilifuta kipande chote, tukarudia. Na nikifuta sibakizi. Mafundi wengine huhifadhi takataka zao wakidhani ipo siku zitafaa; mimi nilikuwa nawacheka.

Siku moja hakugonga. Tulikuwa kwenye wimbo wa tisa, mgumu kuliko yote, na mpiga gitaa aliuimba mwanzo mpaka mwisho bila kukatishwa. Akaurudia, ukawa mzuri zaidi. "Leo mzee katuonea huruma," akasema huku akijifuta jasho. Tulikuwa bado tunausikiliza tuliposikia ukelele wa mwanamke upande wa pili wa ukuta, halafu wa wanawake wawili, halafu miguu ya watu ikikimbia njiani. Mzee alikuwa amelala usingizi wake wa mchana na hakuamka.

Turubai lilifungwa njiani, viti vya plastiki vikafika mpaka kwenye geti letu. Hakuna aliyekuja kutuambia tunyamaze; mambo hayo mtu haambiwi. Lakini gitaa la besi lilikuwa la kuazima na mwenyewe alilitaka mwisho wa wiki, na gitaa la umeme ukilichomeka moja kwa moja kwenye mashine, chumbani halisikiki zaidi ya nzi ndani ya kopo. Anayelisikia ni aliyevaa hedifoni. Tulizima spika, tukafunga mlango, tukaendelea.

Kwa siku tatu nilifanya hivi: nilikaa na wanaume chini ya turubai, nikaitikia dua, nikala ubwabwa wa msiba, kisha nikaaga kwamba naangalia kitu nyumbani mara moja. Hatua kumi, mlango, hedifoni, roki. Nikimaliza narudi kukaa. Wakati ule sikuona ubaya wowote. Niliona tumetumia akili.

Siku ya tatu alikuja shemeji wa marehemu, akasimama getini. Alisema amebeba salamu za mjane. Mjane anawashukuru vijana wa jirani kwa kunyamaza, wamemstahi mzee wake, Mungu awalipe.

Mpiga gitaa alikuwa na hedifoni shingoni. Aliitikia vizuri. Shemeji alipoondoka alizivua, akaziweka juu ya meza.

"Toa sauti yangu," akasema.

"Kwenye wimbo gani?"

"Zote. Na wa siku ile. Siimbi tena humu."

Sikubishana naye, kazi ni yake. Usiku huohuo niliondoa kila kitu kilichorekodiwa kwa maiki ya kuimbia, kisha nikasafisha mashine ili nipate nafasi. Ikabaki albamu ya ala tupu. Nyimbo nane zilikuwa kamili. Wa tisa ulikosa mwisho, kwa sababu ulikuwa ukiishia kwa sauti yake tupu. Kila alipokuja kuumalizia alipiga, akasikiliza, akatikisa kichwa, akaenda zake. Miezi ikapita.

Mjane alikaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani. Tulikuwa tukiona tu nguo nyeupe zimeanikwa. Eda ilipoisha, sehemu ya kwanza aliyokwenda ilikuwa kwetu. Safari hii tulimkaribisha ndani haraka haraka, tukamfutia kiti. Aliangalia magodoro ukutani, akaangalia waya, akanywa maji.

"Wanangu, nina swali la kijinga," alisema. "Siku zile mkiimba, yeye akija kugonga, hiyo mashine yenu ilikuwa inamnasa?"

"Ilikuwa inamnasa, bibi," nikasema.

"Basi nataka nimsikie akigonga. Picha ninazo. Sauti yake sina hata moja, hakuwa mtu wa simu. Nilikuwa nalala nasikia akigonga kwenu, najua sasa hivi anarudi. Nasikilizia hiyo tu."

Ningeweza kusema kweli palepale. Nilisema, "Nitaitafuta, bibi. Njoo Jumamosi."

Alipotoka mpiga gitaa aliniuliza kama nilibakiza hata moja. Nikamwambia anajua mimi nafanyaje kazi. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Tulichofanya baada ya hapo sitaki kukipamba. Tulichukua kufuli la geti letu, mpiga gitaa akasimama nje, mimi nikaweka maiki chumbani pale ilipokuwa siku zote, akagonga mara tatu. Tulirudia mpaka ikaridhisha. Nikaichanganya na kipande cha wimbo ili ionekane ya zamani. Ilikuwa kazi safi sana.

Jumamosi alikuja. Nilimvalisha hedifoni juu ya mtandio, nikabonyeza. Alisikiliza ameinamisha macho. Ilipoisha alizivua mwenyewe, akazishika mapajani.

"Huyu siye," akasema.

Nilinyoosha mkono nibonyeze tena, akanizuia.

"Si neno. Mmejitahidi. Lakini huyu amegonga mara tatu moja kwa moja, kama mdai. Yeye hakuwa hivyo. Anagonga mbili, anangoja. Anawapa nafasi mliomo ndani, kama kuna mtu hajavaa vizuri, kama kuna jambo mnasemezana. Ndipo anagonga ya tatu."

Nilikumbuka miba mitatu kwenye kompyuta, miwili imekaribiana na mmoja mbali. Niliikata kwa wiki nzima nikiiona hivyo hivyo, wala sikujiuliza.

"Nilizifuta, bibi," nikasema. "Zote. Na siku za msiba hatukunyamaza. Tulikuwa tunapiga, ila haikusikika nje."

Alituangalia mmoja mmoja. Nilitamani atukane. Badala yake alifungua mkoba wake akatoa kufuli la mzee, kubwa, limechubuka pembeni, akasimama.

"Haya, chukueni hicho chenu," alisema, akionyesha maiki, na akatoka.

Nilibeba maiki, mpiga gitaa akanipokea waya mpaka ukafika mlangoni. Tulisikia akifunga geti kwa nje. Kufuli likagonga bati mara mbili. Kuku wa nyumba ya pili akalia, bodaboda ikapiga honi huko chini ya mteremko, na yeye akangoja, akangoja sana, kama vile kweli ndani kuna watu wanaojisitiri. Kisha ya tatu. Halafu sauti yake, taratibu, kwa maneno tuliyoyajua:

"Hamjambo wanangu? Nimekuja kuwajulia hali."

Fundi haongei maiki ikiwa wazi. Nimewafukuza watu studio kwa kosa hilo. Mpiga gitaa alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Hatujambo, mzee," nikasema. "Karibu ndani."

Wimbo wa tisa unaishia hapo. Kwenye albamu nzima hakuna anayeimba, wala hakuna jina lingine kwenye jalada. Kuna gitaa lake, halafu mwishoni kabisa kuna bibi, na kuku, na honi, na mimi. Nilimuuliza mwenye albamu kama niondoe sauti yangu. Alisema nikiigusa hatakuja tena kwangu. Nami sikutaka kuigusa.