Mchicha Katikati ya Kanola

Mwalimu wangu wa shahada ya pili alinipa ukanda mmoja wa kanola, mmea wa mbegu za mafuta, pembezoni mwa jiji la Kichina la Guangzhou, ili anyamazishe ubishi wangu. Muhula mzima nilimsumbua: kwa nini tunyunyize sumu kila wiki ilhali wadudu wamekwisha kuizoea? Na nani aliamua kwamba mmea huu ni gugu na ule si gugu?

"Haya, lima bila sumu," alisema. "Jumatatu nikikuta magugu, nanyunyiza, na utafiti wako umekwisha."

Viwavi niliwaokota kwa mkono. Majani yaliyoanza kuoza niliyakata. Magugu ndiyo yaliyonivunja mgongo. Jumamosi nikaenda Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara Waafrika, kumlilia shangazi yangu, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyekuwa akingoja kontena lake lijae.

"Kupalilia? Ndiyo masomo uliyoyafuata huku?" Alicheka mpaka akakaa. "Twende. Nimechoka kutazama marobota ya watu."

Nilimwonyesha kanola, nikamwambia ang'oe magugu yote. Kisha nikaingia kibandani kuhesabu vidukari, wale wadudu wadogo wa majani, kwa lenzi mpaka giza likaingia. Jumapili mvua haikuacha hata dakika.

Jumatatu asubuhi nilikuta ukanda umefagiliwa kama ua wa nyumba, isipokuwa kila mstari ulikuwa na mimea minene, imetiliwa udongo shinani kwa upendo. Nikampigia simu.

"Shangazi, umeacha magugu!"

"Magugu yepi? Kucha zote zimeniisha!"

"Haya yenye majani mapana."

"Ule mchicha? Astaghfirullah, mwanangu! Nani ang'oe mchicha?"

Swali lilikuwa langu mwenyewe.

Nilitia simu mfukoni bila kuikata, nikaanza kung'oa kwa mikono miwili. Mizizi ilikuwa imeshikana. Kila mchicha ulitoka na miche miwili mitatu ya kanola. Nikatoa kisu, nikawa nakata, na kadiri nilivyokata ndivyo mistari ilivyozidi kuwa mirefu. Nilikuwa sijafika nusu mwalimu alipotokea, nyuma yake mtu mwenye bomba la sumu mgongoni.

Nilimweleza kwamba hiki ni chakula, kwamba hata watu wa hapa wanakila.

"Najua," alisema. "Mama yangu huupika kwa kitunguu saumu. Hapa ni gugu."

Nilimwomba wiki. Nikamwomba siku tatu. Nikamwomba mpaka saa sita mchana, na sauti yangu sikuitambua. Alitikisa kichwa, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

Mfukoni shangazi alikuwa anaita. "Vipi huko? Mbona unalia?"

"Wanatia sumu, shangazi."

"Basi uchume kwanza! Upesi, baba, kabla haujaharibika!"

Nikachukua mifuko kibandani, nikapiga magoti kwenye tope. Mfuko wa kwanza ulijaa. Nilipoanza wa pili, bomba lilikuwa limeshaanza kunguruma upande wa pili wa ukanda, likija kwangu.