Nilivyovaa Koti la Severini

Severini alikuwa mtu mbaya. Nasema mapema ili anayetaka sifa za marehemu aende kwa wengine. Wapo wengi, na wote waongo.

Huku kwetu Mgeta alilima kabichi na maharage. Kila masika mfereji ukiziba aliuzibua peke yake, akitutukana mmoja mmoja kwa majina. Msimsifu: maji yalianzia kwake, sisi wa chini tulipata mabaki. Mbuzi wa mtu akiingia shambani kwake alirudi anachechemea. Mkewe, Catherine, alimchoka, akashuka Morogoro mjini na binti yao Upendo akiwa bado mgongoni. Severini hakuwafuata hata kwa salamu.

Halafu lile shamba la maharage. Njia ya zahanati ilipita katikati, yeye akaifunga kwa miiba. Siku tulipombeba mama yangu kitandani, mvua inanyesha, alisimama na jembe lake: "Zungukeni! Maharage yangu hayaumwi!" Tukazunguka kwenye utelezi. Mama alikata roho pale konani, zahanati tunaiona.

Basi naye akafa. Ukoo wangu na wake ni watani, na mtani msibani ana kazi yake. Nikavaa koti la marehemu, nikashika fimbo yake, nikapita kati ya waombolezaji natukana kama yeye. "Wewe Emmanuel, hizo ni kabichi au majani ya mbuzi?" Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nikaendelea: "Zungukeni! Maharage yangu hayaumwi!" Hapo hakucheka mtu.

Upendo alikuwa anapiga video. Ndiyo kazi yake huko mjini, Kihonda, harusi na kipaimara. Siku chache baadaye akanifuata jikoni.

"Shikamoo, mama Rosa."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Natengeneza filamu ya maisha ya baba, tuionyeshe siku ya arobaini. Kila ninayemhoji ananiambia alikuwa mtu wa watu."

"Watu gani hao?"

"Ndiyo shida yangu. Nikiweka sifa zao, baba simwoni. Nikiweka ukweli, nani atakaa saa nzima kumtazama mtu asiyempenda?"

"Sisi tulimtazama miaka yote, na hakuna aliyetuwekea viti."

Hakucheka. "Baba mdogo Fransisko anataka kipande chako cha maharage nikikate. La sivyo filamu haionyeshwi kwake."

"Kikate. Na mimi unikate mzima. Sikai kwenye filamu ya mtakatifu Severini, mimi."

Akageuka akaondoka bila kuaga. Nikasema moyoni, huyu kweli wa baba yake.

Siku ya arobaini, baada ya misa na chakula, shuka jeupe likatundikwa ukutani kwa Fransisko. Mwenye nyumba alikaa mbele, amejitanua, akijua amesikilizwa. Filamu ikaanza na Emmanuel, uso wa huzuni: "Severini alikuwa mtu wa watu." Papo hapo nikatokea mimi na lile koti, namtukana Emmanuel huyohuyo kabichi zake. Uwanja mzima ukalipuka. Kisha yakaja maharage.

Fransisko akainuka. "Zima! Unamwanika baba yako mbele za watu?"

"Baba mdogo, huyu ndiye niliyeachiwa," Upendo akajibu. "Mwingine sikupewa."

Fransisko akachomoa waya. Shuka likabaki tupu. Nilidhani watu watachukua viti vyao waondoke, lakini hawakwenda popote. Emmanuel, aliyekwisha kutukanwa mara mbili, akaenda akauchomeka tena.

"Acha tumwone," akasema. "Mimi nilidanganya."

Fransisko akaingia ndani akabamiza mlango. Tukatazama mpaka mwisho.

Asubuhi nilikuwa nakwenda zahanati. Nilipofika kwenye shamba la maharage miguu yenyewe ikashika njia ya kuzunguka. Nikasikia panga. Upendo alikuwa ndani ya shamba, ambalo sasa ni lake, anafyeka miiba ya baba yake.

"Pita hapa, mama Rosa."

Sikumshukuru. Baba yake sijamsamehe na wala sina mpango huo. Niliitazama ile njia.

"Nyembamba," nikamwambia. "Kitanda hakipiti."

Akainama, akaanza kung'oa maharage.