Darubini ya Ujiji na Milima ya Ng'ambo

Juzi nilikwenda Kariakoo kumtafutia mwanangu viatu vya shule. Katika duka moja linalouza kila kitu, kuanzia pasi hadi mipira, nikaona darubini imesimama juu ya kabati kwa miguu yake mitatu. Kijana wa duka aliona nimeganda, akadhani amepata mteja. "Hii mama, unaona mpaka ng'ambo," akasema. Yalikuwa maneno ya biashara tu, hakuwa na ubaya. Lakini nilitoka pale bila viatu, nikakaa kwenye baraza la duka la jirani. Wewe ni mtu wangu, acha nikusimulie.

Nimekulia Ujiji, kwa bibi mzaa baba. Uani kwetu ziwa lilionekana lote, na kukiwa kweupe milima ya Kongo ilionekana pia. Huko ndiko alikotoka mama yangu. Nilikuwa darasa la tatu alipovuka kwenda kumuuguza mama yake. Asubuhi ile alikuwa ananisuka, boti haikusubiri, akaniacha upande mmoja umesukwa na mwingine timutimu. "Nitamalizia nikirudi," akasema. Kabla hajarudi, vita vikazuka upande ule. Boti zikawa zinafika Kibirizi, bandari yetu ya maboti, zimejaa watu, magodoro na masufuria, na kila zilipofika bibi alishuka ufukweni kuulizia. Mama hakuwemo. Mwishowe bibi akanifumua zile nywele mwenyewe, taratibu, nami nililia kana kwamba ananing'oa meno.

Baba alikuwa fundi wa treni, siku nyingi yuko njiani kati ya Kigoma na Tabora. Nadhani kunikuta kila mara nimejikunyata kwenye mkeka kulimshinda. Siku moja akarudi na darubini, ameinunua stesheni kwa mgeni aliyekuwa anapunguza mizigo. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika. Bibi akaufunga kwa uzi wa nyavu, huku akinung'unika kwamba mwanawe katumwa sukari kaleta bomba.

Jioni ya kwanza nilichungulia weee, sikuona kitu. Usinicheke, kifuniko kilikuwa hakijatolewa. Aliyeniokoa ni mwalimu wa jiografia, jirani yetu, mtu mrefu aliyependa kusahau kandambili zake uani kwetu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuanza na lenzi ya nguvu ndogo, kutoshika bomba wakati wa kuangalia, na kuyapa macho muda wa kulizoea giza. Giza tulikuwa nalo la kutosha, maana umeme wa siku zile ulikuja ukijisikia. Tulianza na mwezi. "Ukijaa hauna kitu," alisema. "Uangalie ukiwa nusu, pale mwanga unapopakana na giza." Nikaangalia, nikaona milima na mashimo, na vivuli vyake vimelala chini kabisa kama vya miti yetu jioni. Nilisahau kupumua.

Mwezi ulipokuwa mkubwa wavuvi walipumzika, nasi tukala maharage. Ulipopotea walirudi ziwani na taa zao, dagaa wakarudi jikoni, na nyota zikaonekana vizuri. Ndiyo maana mpaka leo nyota kwangu zina harufu ya dagaa wanaokaangwa kwa mawese. Bibi alikuwa jikoni, mwiko unagonga sufuria, mwalimu ananionyesha kishada cha nyota cha Kilimia, kisha sayari ya Mshtarii na vimwezi vyake vimejipanga mstari. Watu wazima walifurahi kwamba mtoto amepata cha kumsahaulisha. Hawakujua hesabu niliyokuwa naipiga kichwani.

"Mwalimu," niliuliza jioni moja, "mwezi na Kongo, kipi kiko mbali?"

Akacheka. "Kongo si hiyo hapo? Boti inatoka asubuhi, jioni umefika."

Basi. Kama mwezi ulioko mbali kiasi kile tunauona mpaka mashimo yake, mama yangu aliyeko hapo ng'ambo ningemwona mpaka hereni zake. Nilichosubiri ni mvua, kwa sababu kiangazi moshi wa mashamba yaliyochomwa huifunika ng'ambo yote. Kila siku niliifuta lenzi kwa pindo la gauni la sikukuu.

Mvua za kwanza zikanyesha, na alasiri moja milima ikajitokeza, ya bluu, karibu kabisa. Nikaibeba darubini mwenyewe mpaka ukingo wa ua, nikailenga. Nikaona maji yako juu na milima imening'inia kuelekea chini, kila kitu kichwa chini miguu juu. Nyumba hazikuwepo. Watu hawakuwepo.

"Bibi!" nikapiga kelele. "Kongo imepinduka!"

Bibi alikuja mbio, mikono imejaa mawese, akachungulia. Mwalimu aliposikia kilio changu akaruka ua. Akatueleza kwamba darubini za nyota ndivyo zilivyo, hugeuza kila kitu, ila kwa mwezi mtu hagundui. Milima haikuwa na neno.

"Na watu?" nikauliza. "Mbona ufukweni hakuna watu?"

Akachuchumaa mbele yangu. Akasema dunia imejipinda, na maji ya ziwa yamejipinda nayo, kwa hiyo tunachoona ni vilele tu. Ufuko wenyewe uko chini, nyuma ya mgongo wa maji, na hakuna darubini itakayoufikia.

"Yaani mwalimu," bibi akasema, "hiki kinaona mwezi, halafu mtu aliyeko hapo tu ng'ambo kinashindwa?"

"Kinashindwa, mama."

"Sasa kina kazi gani?"

Mwalimu alinitazama, na nikaona usoni kwake ameelewa nilichokuwa natafuta jioni zote zile. Bibi akanivuta kifuani, gauni langu likalowa mawese. "Nyamaza, mwana wanje, mwanangu we. Mama yako akija, atakuja na boti, hatakuja kwenye bomba."

Niliendelea na nyota, kwa kuwa sikuwa na kingine. Niliiona Zohali na pete yake nikafurahi kweli, kisha nikaona aibu kwa kufurahi. Mwalimu akahamishwa, lenzi ikaota ukungu. Siku hizi nikienda Ujiji taa za umeme zimejaa kila kona, na Kilimia naitafuta kwa kukisia.

Baba aliwahi kutaka tumsomee mama hitima. Bibi alikataa katakata. "Mtu hamkumzika, mnamlilia nini?" Hakuruhusu turubai lifungwe, wala mtu yeyote aje kutupa pole. Mpaka anafariki, nikiwa chuoni, alikuwa bado anasema mama yako akija.

Katika matanga yake wanawake walijaa uani, vilio vikapanda. Nami kilio kikanitoka nisichokijua, kikanilaza chini, nikawa naita mama, mama, wala siwezi kuacha. Wakanishika mabega, wakanipepea kwa khanga, wakanibembeleza kwamba nisijiumize, bibi alikuwa ameshakula chumvi nyingi.